Gari limechemsha, fundi anataka tununue injini nyingine na akiba haitoshi. Naomba mawazo yenu

Mama Watatu (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Mimi ni msomaji wa siku nyingi, leo ndiyo mara ya kwanza naandika, maana maji yamenifika shingoni. Uzi una urefu, nivumilieni. Nikifupisha mtanishauri juu juu.

Tuna gari moja la petroli, limetembea kilomita 187,000 na ushee. Tulilinunua likiwa limeshatumika. Usiku linampeleka mume wangu zamu, saa ambazo usafiri mwingine hakuna. Asubuhi akirudi nalichukua mimi napeleka watoto shule. Mara mbili kwa mwezi linampeleka mama mkwe kliniki, na miguu yake haimruhusu kupanda na kushuka magari ya abiria. Mshahara nyumbani ni mmoja, wa mume wangu. Mimi nina cherehani, leo kazi ipo, kesho haipo.

Alhamisi iliyopita nikiwa na watoto watatu garini, mshale wa joto ulipanda na sikuuona. Aliyeona ni mwanangu wa kati, akasema, "Mama, mbele kunatoka moshi." Ulikuwa mvuke, unachirizika pembeni mwa boneti. Nilikuwa nimebakiza kama kilomita moja na nusu kufika shuleni, nikajiambia nifike tu, nisiwashushe watoto barabarani. Nikafika. Sasa kila ninayemweleza ananiambia hiyo kilomita moja na nusu ndiyo iliyotuponza.

Gereji tuliyolivutia, fundi alifungua boneti, akachungulia, akachomoa stiki ya oili, akaifuta kwa kitambaa na kuirudisha. Akasema gasketi ya hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku) imeungua na injini yenyewe imeshaumia, tutafute injini nyingine. Hakupima kitu, na dakika 10 hazikutimia. Bei aliyotaja pamoja na ufundi ni mishahara miwili na nusu ya mume wangu. Akataka nusu siku ileile, eti injini anayoijua isichukuliwe na mwingine.

Akiba yetu ni kama robo ya pesa hiyo. Pembeni kuna ada ya muhula ujao, imeshatengwa. Mume wangu anasema tuichukue, tutairudisha. Mimi sitaki iguswe. Tumekuwa tukibishana usiku kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, kumbe wanasikia. Juzi mkubwa amenifuata jikoni akaniuliza kama atahamishwa shule. Nilimjibu hapana, nikageukia sinki nisimuonyeshe uso.

Naomba kujua: huyu fundi anasema kweli? Na kama anasema kweli, familia ya kipato chetu inatokaje hapa bila kuuza kitu au kuingia kwenye mkopo?

Spana Kumi na Nne

Dada, pole sana. La kwanza: usitoe hata senti ya kianzio. Sisemi huyo fundi ni tapeli, huenda hata amepatia. Lakini amebahatisha, na anataka kubahatisha kwa pesa yako.

Mimi ni fundi, huu mwaka wa 19 nashika spana. Gari huchemsha kwa sababu nyingi na baadhi ni za bei ndogo kabisa. Anza na kifuniko cha rejeta, kitu ambacho watu wanakidharau. Maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 100. Kazi ya kile kifuniko ni kufungia presha ndani ili yasichemke mapema. Ukiwa na mchanganyiko wa nusu maji na nusu kulanti (dawa ya kupozea injini), na kifuniko kizima cha presha ya kama ba 1, mfumo unavumilia mpaka karibu nyuzi 130. Springi ya kifuniko ikilegea, gari lilelile kwenye barabara ileile linaanza kutapika maji. Kuna thamostati: nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 90, ikikwama imefunga, maji hayazunguki. Ukiitoa ukaitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto utaiona kwa macho yako inafunguka au inagoma. Kuna feni: gari likichemsha kwenye foleni na likipata mwendo linapoa, shuku feni kabla ya chochote. Kuna wota pampu, mipira ya maji, na rejeta iliyoziba kwa kutu kwa sababu miaka yote imejazwa maji ya bomba.

Gasketi ya hedi ikiungua ina alama zake. Maji yanapungua na huoni yanapovujia. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, ukifungua kifuniko na kuwasha, mapovu yanapanda mfululizo kama kuna mtu anapuliza kwa chini. Ekzosi inatoa moshi mweupe usiokatika hata injini ikishapata moto. Oili kwenye stiki au chini ya kifuniko cha kujazia imegeuka ute wa rangi ya maziwa. (Ute kidogo chini ya kifuniko peke yake usikutishe, gari la safari fupi fupi hulifanya hivyo kwa unyevu tu.) Tafadhali, kifuniko cha rejeta kinafunguliwa injini ikiwa imepoa kabisa. Nimeona mikono na nyuso za watu walioharakisha.

Fundi mwenye vifaa anapima hivi. Anafunga pampu ya mkono kwenye mdomo wa rejeta, anajaza presha na kuangalia kama inashuka na maji yanatokea wapi. Anapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, silinda moja moja. Na ipo dawa ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikiwa inaunguruma: ikigeuka njano, maana yake gesi ya silinda inapenya kwenye maji, gasketi au hedi ina tatizo. Vipimo hivi vyote havimalizi nusu siku, na gharama yake ukiiweka karibu na ya injini ni ndogo mno.

Kuhusu kilomita moja na nusu, sitakudanganya, zina madhara. Injini nyingi zina hedi ya alumini, na alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kutupwa. Ikizidishiwa joto inapinda. Lakini hedi iliyopinda kidogo inapelekwa kuchongwa ikanyooka. Injini nzima inabadilishwa pale bloku limepasuka, silinda zimekwaruzwa vibaya, au imenoki, yaani inagonga kwa ndani. Je, lilizimika lenyewe? Na ukiwasha sasa, lina mlio wa kugonga?

Dereva wa Usiku

Mkuu Spana umeeleza vizuri lakini mimi namwambia dada ukweli mwingine. Gari la kilomita 187,000 ni mgonjwa wa kudumu. Leo hedi, kesho giaboksi, kesho kutwa shokapu. Nililishikilia la kwangu miaka minne kwa maneno ya "nikimaliza hili limeisha". Uzeni kama lilivyo, ongezeeni na akiba, tafuteni dogo zaidi. Nasema haya kwa uchungu, sitaki familia nyingine ipite nilipopita.

Mama Watatu

Mkuu Spana, Mungu akubariki. Halikuzimika lenyewe, nililizima mimi pale shuleni. Jana mume wangu aliliwasha sekunde chache, liliwaka kwa kusitasita, linatetemeka, ila mlio wa kugonga hakuna. Oili nimeangalia mwenyewe asubuhi hii kwa tochi ya simu: ni nyeusi ya kawaida, haina ute. Maji ndiyo yamepungua sana.

Kaka Dereva wa Usiku, nimekusoma mara mbili. Hofu yako ndiyo hofu yangu.

Spana Kumi na Nne

Kutetemeka likiwashwa la baridi, kisha maji yamepungua: gasketi sasa naishuku kweli, huenda maji yanaingia silinda moja usiku. Msiliwashe tena. Lakini oili safi na kutogonga ni dalili njema kwa upande wa chini wa injini. Livuteni kwa mtu mwenye vifaa, na kabla hajafungua nati hata moja mwambieni: "Tunalipa upimaji kwanza, matengenezo tutaamua baadaye." Maneno hayo hayo, yasipinde.

Mzee wa Daftari

Binti yangu, na wewe kijana Dereva wa Usiku, nisikilizeni kidogo.

Watu wengi wanaliuliza swali hili vibaya. Wanauliza, "Gari lina thamani gani, na matengenezo ni kiasi gani?" Wakiona matengenezo yamekaribia thamani wanasema liuzwe. Lakini gari lililokufa mnalouza mnapewa bei ya chuma, na hilo la kununua kwa pesa ndogo nalo ni la kilomita nyingi, ila hili la sasa magonjwa yake mnayajua na lile la mwenzenu hamyajui. Swali ninalouliza mimi ni jingine: nikilitengeneza, litanipa miezi mingapi, na kila mwezi huo utakuwa umenigharimu kiasi gani? Kisha naweka karibu yake gharama ya mwezi wa kukodi usafiri, au rejesho la mkopo wa gari jingine. Chukua mfano wa matengenezo ya mshahara mmoja. Gari likitembea miezi 24 baada ya hapo, umelipa sehemu 1 ya 24 ya mshahara kila mwezi. Hakuna mkopo wa gari unaofika huko chini.

Hesabu hiyo ina sharti, na hapa namkubali Dereva wa Usiku. Isifanywe kwa ubovu mmoja tu ulioonekana leo. Mwambie fundi, likiwa limenyanyuliwa, akague giaboksi, chini kama kuna kutu iliyokula fremu, boljointi (viungo vinavyobeba magurudumu ya mbele), breki, matairi. Kama kuna magonjwa makubwa matatu yanayosubiri zamu, uzeni. Kama ni moja, litengenezeni.

Sasa la mkopo. Mkopo wa haraka wa riba ya asilimia 10 kwa mwezi unaonekana mdogo kwa sababu umeandikwa kwa mwezi. Uache mwaka mmoja riba ikizaa riba, deni limezidi mara 3. Wengi hawakufilisiwa na fundi, walifilisiwa na pesa waliyomlipia fundi. Kama ni lazima kukopa, kopeni kwa ndugu au chama cha kuweka na kukopa, kwa kiasi kilichobaki tu baada ya akiba, na tarehe ya mwisho iandikwe.

Ada nayo ina tarehe. Gari linaweza kukaa wiki tatu likisubiri, muhula hausubiri. Mimi ningekuwa mume wako nisingeigusa. Lakini usimwambie hivyo usiku kitandani mmechoka wote wawili. Kaeni mezani mchana, kalamu na karatasi katikati, muandike kila kitu: akiba, ada, kinachoingia, tarehe zake. Mkigombania namba iliyo kwenye karatasi, mnakuwa upande mmoja wa meza. Na yule mtoto mkubwa aambiwe kwa mdomo wenu kwamba shule yake ipo. Mtoto akikosa jibu hujitungia lililo baya zaidi.

Dereva wa Usiku

Mzee, hilo sharti la kukagua yote kabla ya kuamua ndilo mimi sikulifanya. Nilikuwa natengeneza kinacholia tu. Nakubali.

Taa Nyekundu

Naomba niongeze jambo ambalo limenigharimu usingizi. Pesa ikiwa haba, mtu anapanga foleni ya matengenezo kwa kelele: kinachopiga kelele sana kinatangulia, au kinachotia aibu. Mimi nilitengeneza kioo cha mlango kilichokuwa kimegoma kupanda, nikaacha breki, kwa sababu breki zilikuwa "bado zinashika".

Zilianza na mlio mwembamba kama wa filimbi kila nikikanyaga. Ule mlio kumbe ni kibati kidogo kilichowekwa makusudi kwenye pedi, kinagusa diski kukuambia pedi inaisha. Nikaongeza sauti ya redio. Baada ya wiki kadhaa mlio ukaacha, nikafurahi, ukaja mwingine mzito, wa kusaga, chuma juu ya chuma, unausikia mpaka kwenye unyayo. Siku ya mvua, kwenye mteremko, binti yangu wa miaka 6 yuko kiti cha nyuma, nikakanyaga na gari likaenda tu. Lilisimama kwenye ukingo wa mtaro, gurudumu la mbele likiwa hewani. Hakuumia. Alikuwa ameushika mkanda kwa mikono miwili, hakulia, aliniangalia tu kwenye kioo.

Pedi nilizokwepa kununua zilikula diski zote mbili za mbele. Nikalipa pedi, diski na kalipa moja (kifaa kinachobana pedi), karibu mara nne ya nilichokwepa. Pedi ikibaki milimita 3 mimi sasa nabadilisha, sisubiri kelele. Na mafuta ya breki msiyasahau, yanakunywa unyevu wa hewa yenyewe. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230, yakishanywa maji kiwango chake cha chini ni nyuzi 155. Kwenye mteremko mrefu tofauti hiyo ndiyo kanyagio kuwa gumu au kuzama kama sponji. Magari mengi yanatakiwa yabadilishwe kila miaka 2.

Kwa hiyo dada, mkipanga foleni yenu, kiyoyozi, kioo, rangi, hata oili inayotoa jasho kwenye kifuniko cha valvu, vyote vinaweza kukaa. Breki, matairi, usukani na boljointi haviwezi. Tairi likishuka chini ya milimita 1.6 za kashata (kina cha mistari yake), nchi nyingi sheria yenyewe inalikataa.

Bibi wa Usukani

Mama Watatu mwanangu, nimeona hakuna aliyeligusa hili. Wewe ni mwanamke uliyekwenda gereji, na dakika 10 zile ni sehemu ya hadithi. Nimeendesha miaka 31, najua jinsi maelezo yanavyofupishwa anayesikiliza akiwa na mkoba begani.

Nami najitetea hivi. Namwambia fundi aandike makadirio, spea mbali na ufundi mbali. Spea zinazotolewa nazitaka, ziwekwe kwenye boksi nirudi nazo nyumbani. Napiga picha kilomita na maeneo ya injini kabla sijakabidhi funguo. Namuuliza, "Umejuaje?" Si kwa ukali. Fundi anayejua kazi huwa anafurahi kuulizwa, anakuonyesha kwa kidole. Asiyejua hukasirika, na hasira hiyo umeipata bure kabla hujalipa.

Na kama kuna anayekuambia magari si mambo ya akina mama: mwaka 1888 Bertha Benz alichukua gari alilounda mumewe, akasafiri na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim huko Ujerumani, zaidi ya kilomita 100, wakati hakuna gereji popote duniani. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Breki za mbao zilipoisha alimtafuta fundi viatu azipigilie ngozi. Huyo ndiye dereva wa kwanza wa safari ndefu, na ndiye fundi wake.

Msafiri Mpya

Kwani dawa ya kuziba inayomiminwa kwenye rejeta haisaidii? Rafiki yangu aliweka, ana miezi mitano sasa.

Spana Kumi na Nne

Ndugu, inaweza kuziba tundu dogo la rejeta. Kwa gasketi iliyoungua ni kamari, na inayoziba tundu inaweza pia kuziba vijia vyembamba vya rejeta na hita. Nimefungua injini nyingi zilizotiwa dawa hiyo, kazi iliongezeka. Ningeitumia kwa gari ambalo mwenyewe ameshaamua kuachana nalo. La dada halijafika huko.

Nyongeza kwa wote wanaopimiwa kwa kompyuta: mashine inayosoma kodi, yaani namba za hitilafu, haitoi jina la spea mbovu. P0420 maana yake kompyuta haijaridhika na kazi ya katalisti (kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi), haisemi "nunua katalisti". Inaweza kuwa uvujaji kwenye ekzosi, sensa, au injini inayokosa moto. P0300 inasema moto unakosa kwenye silinda bila mpangilio, sababu utaitafuta. Na ile taa ya injini ikiwaka tu, una muda wa kufika kwa fundi kwa utulivu. Ikimetameta, punguza mwendo na usimame, maana petroli isiyoungua inakwenda kuunguza katalisti. Ya presha ya oili ikiwaka nyekundu, zima injini hapo hapo ulipo, hata kama ni mita 200 kabla ya nyumbani.

Mama Watatu (mrejesho)

Wakuu, samahani kwa kimya cha siku 12. Naleta mrejesho kamili.

Jumapili tulikaa mezani kama Mzee alivyosema. Nilitegemea tutagombana. Nilipoandika tarehe ya ada karibu na tarehe ya mshahara, mume wangu aliikodolea macho akasema, "Kumbe tungeichukua, tungekuwa tunairudisha mpaka muhula wa tatu." Hakusema tena habari ya ada. Tulimwita mkubwa tukamwambia wote wawili shule yake haiguswi. Alisema "sawa" akaondoka, nikamsikia chumbani anaimba.

Tulilivuta kwa fundi wa pili, tukatamka yale maneno ya kulipa upimaji kwanza. Alipima presha ya rejeta, ikashuka taratibu na hakuna tone chini. Akachomoa plagi zote nne akazipanga juu ya kitambaa, akaniita. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia iliyofifia. Ya tatu kutoka mbele ilikuwa safi, nyeupe, kama imeoshwa. Akasema, "Imeoshwa kweli, na mvuke wa maji ya rejeta." Dawa ya bluu ikageuka njano mbele ya macho yangu. Kwa hiyo gasketi ilikuwa imeungua kweli. Fundi wa kwanza alipatia nusu.

Nusu ya pili hakupatia. Hedi ilipotolewa, aliweka rula ya chuma juu yake na kupitisha vibati vyembamba chini, akaniambia kwa injini hii mwisho wa kupinda ni milimita 0.05. Yetu ilizidi, lakini kwa kiasi cha kuchongwa. Haikupasuka. Silinda tuliziangalia kwa tochi, mistari ya kiwandani ya kukwangua bado inaonekana ndani. Injini haikuhitaji kubadilishwa.

Jumla ilikuja kidogo juu ya mshahara mmoja. Ndani yake kuna kuchonga hedi, seti ya gasketi, boliti mpya za hedi (alinieleza zile za zamani hunyooka zikikazwa, hazirudiwi), taimingi belti, wota pampu na thamostati. Niliuliza taimingi ya nini, nilidhani naongezewa. Akanionyesha: belti lazima litoke ili hedi itoke, ufundi wake umeshalipwa, na hatujui mwenye gari wa kwanza alilibadilisha lini. Belti hilo likikatika kwenye injini ya aina hii pistoni zinagonga valvu, na hapo ndipo injini inatafutwa kweli. Nikakubali.

Tulilipa spea zote kwa akiba na pesa ya sare nilizoshona, kazi iliyokuja kama imetumwa. Ufundi tumeugawa mara mbili, nusu siku ya kuchukua gari, nusu mwisho wa mwezi, imeandikwa na tumesaini wote. Kilichopungua tumeazima kwa dada yangu. Siku zile 12 mume wangu alipanda gari la mwenzake wa zamu, tukachangia mafuta. Hilo tulikuwa hatujawahi hata kulifikiria, na bado wanaendelea siku tatu kwa wiki kwa sababu linapunguza mafuta.

Sitaficha kwamba akiba sasa ni sifuri. Ukaguzi wa chini umeonyesha boljointi ya kushoto imeanza kucheza, na pedi za mbele zina milimita 4. Kiyoyozi hakifanyi kazi tangu mwaka jana na kitaendelea kukaa hivyo. Boljointi ni mwezi ujao, pedi mwezi unaofuata. Spea za zamani ziko kwenye boksi chini ya ngazi. Plagi ile nyeupe nimeiweka kwenye droo ya cherehani.

Swali langu la mwisho: hiyo boljointi naweza kununua ya gari lililochinjwa ili niokoe kidogo?

Spana Kumi na Nne

Hapana dada, boljointi nunua mpya. Cha kutoka kwenye gari lililochinjwa nunua altaneta, stata, kioo cha pembeni, mlango, swichi. Vitu vinavyochakaa kwa kuzunguka, kusuguana au kuzeeka mpira wake, na vyote vya breki na usukani, vichukuliwe vipya hata kama ni vya kampuni isiyo na jina kubwa. Na likitikisika usukani au ukasikia "ko" ukikata kona kabla ya mwezi ujao, iwahishwe, itangulie kila kitu.

Wiki mbili za kwanza angalia maji kila asubuhi kabla ya kuwasha, weka alama kwa kalamu kwenye tanki dogo la akiba ya maji. Kulanti iwe nusu kwa nusu, si maji ya bomba. Oili ya sasa imwagwe mapema, kilomita 1,000 zinatosha, kwa sababu hedi ikifunguliwa matone ya maji na mabaki ya gasketi hayakosi kudondokea chini.

Mzee wa Daftari

Na hiyo akiba ya sifuri anza kuijaza leo, kwa kilomita. Kila unapojaza mafuta, weka pembeni sehemu 1 ya 10 ya ulichojaza, kwenye bahasha isiyo ya nyumba. Mwezi wa kwanza ni kidogo, lakini gari likitembea sana inajazwa sana, na ndivyo linavyochakaa.

Mama Watatu

Nimeandika yote. Bahasha nimeibandika ndani ya droo ya gari kwa gundi, mume wangu ameshaweka ya juzi bila kuambiwa. Alama kwenye tanki nimeipiga kwa kalamu nyekundu, na anayeisoma kila asubuhi ni yule wa kati aliyeuona mvuke. Leo siku ya nne, maji yako palepale.